Kuzalisha bata kwa rangi na mabaka unayoyataka: mwongozo kamili kwa mfugaji wa Moshi na Arusha

Pita pembezoni mwa majaruba ya mpunga kule Mabogini au Chekereni, chini ya mji wa Moshi, utakuta kundi la bata na hakuna wawili wanaofanana. Mmoja mweusi mwenye bawa jeupe, mwingine mweupe mwenye doa jeusi utosini, wa tatu wa kijivu. Ukimuuliza mwenyewe atakwambia ndivyo walivyojaliwa. Sikatai, ila kutokana na bata hao hao unaweza kutoa kundi la rangi moja ndani ya vizazi viwili au vitatu. Pesa nyingi hazihitajiki. Unachohitaji ni banda lenye vyumba, daftari, na msimamo wa kutoruhusu dume yeyote anayekatiza akupandie majike.

Hatua ya kwanza: jua una bata wa jamii gani

Hapa ndipo wengi wanapotea kabla hawajaanza. Bata wa nyumbani ni wa jamii mbili tofauti, na rangi zao hazirithiwi kwa namna moja.

Jamii ya kwanza ni Muscovy, wale bata wazito wenye nyama nyekundu usoni, ambao wengi wetu tunawaita tu bata wa kienyeji. Asili yao ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Dume ni mkubwa kuliko jike kwa mbali sana, na hapigi kelele. Hutoa mlio wa kukoroma kama pumzi inayovuja. Mayai yao huatamiwa siku 35.

Jamii ya pili imetokana na bata mwitu yule ambaye dume wake ana kichwa cha kijani na pete nyeupe shingoni. Humo wamo Pekin, Khaki Campbell, Rouen na Indian Runner. Uso wao umefunikwa na manyoya, jike ndiye mpiga kelele, na dume aliyekomaa ana manyoya mawili matatu yaliyojikunja juu ya mkia. Mayai yao ni siku 28.

Ukiwachanganya jamii hizi mbili watapandana na vifaranga watatoka, wakubwa na wenye nyama nzuri, lakini ni tasa. Kwa anayetafuta nyama si hasara. Kwa anayejenga rangi, huyo amefika mwisho wa njia. Kwa hiyo kama una Pekin na Muscovy uwanja mmoja, tenga leo.

Hatua ya pili: chagua rangi moja, na ujue tabia yake

Usianze na rangi tatu. Chagua moja, kisha ujifunze inavyorithiwa. Kila kifaranga hupokea nakala moja ya kila kinasaba, yaani chembe ya urithi inayobeba tabia kama rangi, kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, isipokuwa kwenye rangi moja nitakayoieleza kwa kirefu. Rangi nyingine hutawala, yaani nakala moja inatosha kuonekana. Nyingine hujificha mpaka zikutane nakala mbili. Nyingine ziko katikati.

Weusi. Kwa jamii zote mbili, weusi kwa kawaida hutawala. Bata mweusi anaweza kuwa amebeba mambo mengine mengi ndani yake, na hutayaona mpaka umzalishe. Tahadhari moja kwa wenye bata weusi wa jamii ya pili: majike hutoa manyoya meupe kadiri wanavyozeeka, na kila wakibadilisha manyoya weupe huongezeka. Usimchinje jike mzuri wa miaka mitatu ukidhani ameharibika damu. Wa kumtoa ni kijana anayeonyesha weupe huo tangu manyoya yake ya kwanza.

Kijivu. Hii ndiyo rangi inayouzika kwa haraka na inayosumbua watu kuliko zote. Ni kinasaba kinachofifisha weusi, na kiko katikati: nakala moja hutoa kijivu kilichokolea, nakala mbili hutoa kijivu hafifu sana kinachokaribia rangi ya majivu ya kuni. Matokeo yake ni haya. Mweusi kwa kijivu: nusu weusi, nusu wa kijivu. Kijivu kwa kijivu: katika vifaranga 16, tegemea takriban weusi 4, wa kijivu 8 na wa rangi ya majivu 4. Mweusi kwa yule wa majivu: wote kijivu, bila kubakiza hata mmoja.

Ukizisoma hesabu hizo vizuri utaona kwamba kijivu kilichokolea hakiwezi kujizaa chenyewe. Mtu akikuuzia jozi na kukuahidi kwamba itatoa kijivu kitupu milele, anakupiga. Njia ya akili ni kuweka dume wa majivu juu ya majike weusi, uuze vifaranga wa kijivu, na ubaki na wazazi hao.

Kwa Muscovy kuna kijivu kingine cha rangi laini zaidi ambacho hujificha kabisa. Kukitambua ni rahisi: mpandishe bata wako wa kijivu na mweusi usiye na shaka naye. Vifaranga wakitoka nusu kwa nusu, ni kile cha kwanza. Wakitoka weusi wote, una kile kinachojificha, na itabidi umrudishe mmoja wa watoto kwa mzazi wa kijivu ili kukiona tena.

Weupe. Kwa Pekin na wenzake, weupe hujificha. Mweupe kwa mweupe huzaa weupe tu, ndiyo maana ni rangi rahisi kuitunza, na ndiyo maana wachinjaji wanaipenda, kwani vishina vya manyoya havionekani kwenye ngozi baada ya kunyonyoa. Lakini weupe huu ni kama chokaa juu ya ukuta: hujui chini yake kuna rangi gani. Pekin mweupe anaweza kuwa na weusi, kijivu au kahawia chini, na ukimpandisha na bata wa rangi, watoto watakuonyesha vilivyokuwa vimefunikwa.

Kwa Muscovy mambo ni mengine. Mweupe akipanda mweusi, kwa kawaida hupati weusi watupu wala weupe watupu. Unapata weusi wenye mabaka meupe kifuani, kichwani na kwenye mabawa. Bata wa mabaka tunaowaona kila kijiji kwa sehemu kubwa wanatoka huko. Ukiwataka hao hao, ujue nao hawajizai sawasawa: watakutolea na weusi, na wa mabaka, na weupe.

Kahawia: rangi inayotaka penseli na karatasi

Nimeitenga kahawia kwa sababu inafuata jinsia, na ukiielewa itakupa zawadi ya ziada. Utaratibu ni mmoja kwa jamii zote mbili. Kwa ndege, dume ndiye mwenye nakala mbili za kinasaba hiki, jike ana moja tu, na hiyo moja ameipata kwa baba yake. Kahawia hujificha. Basi jike akipokea kahawia kutoka kwa baba, ataionyesha, hana nakala nyingine ya kuifunika. Dume anahitaji kuipata kwa wazazi wote wawili.

Tuseme una dume wa kahawia na majike weusi. Binti wote watakuwa kahawia. Wana wa kiume wote watakuwa weusi, ila wamebeba kahawia ndani. Zawadi yenyewe ndiyo hii: siku ya kuanguliwa, mwenye vinyoya vya kahawia ni jike, mwenye vinyoya vyeusi ni dume. Huhitaji mtaalamu wa kupekua jinsia wala kusubiri miezi. Anayetaka majike wa kutaga peke yao anatenganisha asubuhi ile ile.

Sasa geuza: una jike wa kahawia na dume mweusi halisi. Watoto wote watakuwa weusi, na mtu asiyejua atakata tamaa hapo na kuwapeleka wote kwenye sufuria. Subiri. Wana wote wamebeba kahawia. Binti hawana kitu. Chukua mwana mmoja mwenye afya umrudishe kwa mama yake au kwa jike mwingine yeyote wa kahawia. Nusu ya binti watatoka kahawia, na nusu ya wana pia. Hapo umepata dume wa kahawia, na ukimweka na majike wa kahawia, kuanzia hapo kahawia itazaa kahawia.

Rangi ya kaki ya Khaki Campbell nayo inabebwa na kinasaba hiki hiki. Bibi Adele Campbell wa Uley, Uingereza, aliwatambulisha bata wa Campbell mwaka 1898 baada ya kuchanganya Runner, Rouen na bata mwitu, na wale wa kaki wakafuata mwaka 1901. Alikuwa akitafuta rangi ya mchanga iliyopendwa wakati ule, akaishia na kaki, na mayai mengi kuliko alivyotarajia mtu. Jua letu hupausha rangi hii vibaya, hasa mgongoni. Kahawia au kaki wa kufuga mwonee kwenye manyoya mapya, si kwa yale yaliyochomwa tangu Desemba.

Hatua ya tatu: kununua wazazi

Kwenye soko la Tengeru siku ya Jumamosi swali la kwanza si bei. Mazungumzo yanayofaa huenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unataka wa mboga au wa kufuga?"

"Wa kufuga, mama. Huyu dume, mama yake ana rangi gani?"

"Mama yake mweupe. Baba yake simjui, ni wa jirani."

Jibu hilo lina thamani. Umejua kwamba huyo dume, kama ni wa jamii ya Pekin na ana rangi, lazima amebeba weupe kutoka kwa mama. Kama lengo lako ni kundi la rangi lisilotoa weupe, mshukuru mama na uendelee mbele. Kila unapoweza, nunua nyumbani kwa mfugaji badala ya sokoni, uone wazazi, ndugu na hata vifaranga wa mzao uliopita. Ndugu ndio wanaokwambia kilichojificha kwa huyo unayemtaka.

Kabla ya rangi, tazama miguu, macho, mwendo na uzito. Bata mwenye rangi ya ajabu na miguu dhaifu atakuachia miguu dhaifu kwa kundi zima.

Na wale wenye kishungi kichwani, usiwapandishe wao kwa wao. Kinasaba cha kishungi kikikutana nakala mbili, kifaranga hufia ndani ya yai, na hiyo ni takriban robo ya mayai yenye mbegu. Mwenye kishungi mpe asiye nacho. Nusu ya watoto watakipata na hutapoteza mayai.

Hatua ya nne: vyumba, na wiki tatu za kusubiri

Kila familia iwe na chumba chake: dume mmoja, majike wanne au watano. Mbao za mabanzi na wavu wa kuku vinatosha, ila ukuta wa kati uwe umezibwa chini, maana madume wawili wanaoonana watashinda wakigombana kupitia wavu na hakuna atakayepanda. Majike wa Muscovy huruka vizuri. Usipowapunguza manyoya ya bawa moja, asubuhi utamkuta jike wako kwa dume wa jirani, ng'ambo ya mfereji. Piga picha ya bawa kwanza, ukate baadaye, ili usipoteze kumbukumbu ya mabaka yake.

Sasa jambo ambalo watu hulipuuza kuliko yote. Jike huhifadhi mbegu za dume mwilini na kuendelea kutaga mayai yenye mbegu kwa siku nyingi baada ya dume kuondoka. Ukibadilisha dume leo, yai la wiki ijayo bado linaweza kuwa la yule wa zamani. Tenga majike, subiri wiki tatu kamili, na mayai ya wiki hizo kaanga. Ndipo uanze kukusanya ya kuatamia.

Hatua ya tano: daftari, yai na kifaranga

Kila yai andika kwa penseli herufi ya chumba na tarehe. Tumia penseli, wino wa kalamu kubwa hupenya ganda. Hifadhi mahali pa baridi, ncha nyembamba ikitazama chini, na usizidishe wiki moja kabla ya kuatamisha.

Jike wa Muscovy ni mwatamiaji mzuri sana na anaweza kukuatamia mayai ya Pekin pia, mradi ukumbuke tofauti ya siku. Kuku wa kienyeji naye hufanya kazi hiyo. Ukitumia mashine, weka nyuzi joto 37.5, unyevu kiasi cha asilimia 55 hadi 60, na uupandishe siku tatu za mwisho. Umeme ukikatika, funika mashine kwa blanketi na usiifungue kila dakika kuchungulia. Siku hizo tatu za mwisho mayai ya kila chumba yaingie kwenye kikapu chake cha wavu. Bila hivyo vifaranga watachanganyika usiku mmoja, na kazi ya miezi itapotea hapo.

Wakikauka tu, wapake rangi ya kucha kwenye ukucha, kila chumba na rangi yake, na urudie kila inapofifia. Wakikua kidogo wavishe pete za plastiki mguuni, ukizilegeza na kuzibadilisha kadiri mguu unavyonenepa. Piga picha ya kila mmoja, mgongo na kifua. Kwenye daftari andika: namba, baba, mama, tarehe, rangi ya vinyoya siku ya kwanza, na nafasi tupu ya kuandika rangi ya ukubwani.

Vinyoya vya siku ya kwanza vinasema mengi. Palipo njano pembeni ya weusi ndipo patakapokuwa peupe. Kifaranga wa njano tupu atakuwa mweupe. Kwa Muscovy weupe, doa jeusi utosini ni la kawaida na wengi hulipoteza wakikomaa. Mwenye mistari ya kahawia na njano usoni ana rangi ya asili ya bata mwitu. Kwa mabaka hasa, mshike kifaranga kiganjani na uangalie mstari unaotenganisha rangi mbili kifuani: umenyooka au umepinda, na kushoto unalingana na kulia?

Juni na Julai ukungu na manyunyu ya huku kwetu huua vifaranga wasio na joto la kutosha. Kama huna chanzo cha joto cha uhakika, panga mayai yasianguliwe miezi hiyo. Na pumba yenye ukungu usiwape hata kwa bahati mbaya. Bata huathirika na sumu ya ukungu kuliko kuku, na unaweza kupoteza ukoo mzima uliouchagua kwa gunia moja lililolowa.

Hatua ya sita: kuchagua, mara tatu

Chagua mara ya kwanza siku ya kuanguliwa, kwa mabaka na kwa kasoro za wazi. Mara ya pili wakiwa na wiki nane hadi kumi, manyoya ya kwanza yakiwa yamekamilika. Hapa toa wadhaifu na wale ambao rangi yao haina ubishi kwamba siyo. Mara ya tatu wakiwa na miezi mitano au zaidi, wakiwa na manyoya ya ukubwani. Usiamue mapema kwa bata wa rangi ya asili, kwa kuwa dume kijana hufanana na mama yake, na hata aliyekomaa hubadilisha manyoya baada ya msimu wa kupandana akaonekana kama jike kwa muda.

Bata weupe waoshe na waache wakauke kabla ya kuwahukumu. Udongo mwekundu wa Kibosho umewapeleka sokoni bata wengi wasio na kosa.

Mabaka yanahitaji subira kuliko rangi tupu. Ndugu wa tumbo moja hutofautiana kiasi cha weupe, na hakuna jozi itakayokupa wote sawa. Mwenye weupe uliozidi mpe mwenzake mwenye weupe pungufu, chagua watoto wa katikati, urudie. Usijenge ukoo kwa wale wa pembezoni peke yao, watazidi kusogea huko huko.

Hatua ya saba: kumjaribu dume unayemshuku

Dume wa rangi wa jamii ya Pekin ambaye hujui kama amebeba weupe mpe majike weupe. Kifaranga mmoja mweupe akitoka, jibu limepatikana: amebeba. Wakitoka saba wa rangi mfululizo bila mweupe, uwezekano kwamba bado amebeba uko chini ya asilimia 1. Hao vifaranga wa majaribio wote wamebeba weupe kutoka kwa mama zao, kwa hiyo ni wa mboga, wasiingie kwenye ukoo.

Kurudisha mwana kwa mama, au binti kwa baba, kunaruhusiwa mara moja kwa lengo maalumu kama lile la kahawia. Ukiendelea kizazi baada ya kizazi utaona mayai mengi yasiyoanguliwa na vifaranga wanaochelewa kukua. Dawa yake ni kuwa na familia mbili za rangi ile ile zisizo na undugu wa karibu, A na B, na kila mwaka dume kijana wa A aende B, wa B aje A, majike wakibaki walipo. Kama nafasi ni ndogo, gawaneni na jirani, wewe utunze A yeye atunze B, na dume wa akiba wa kila upande alale kwa mwenzake, kwa sababu kicheche akiingia usiku hachagui.

Hatua ya nane: kuuza

Bei ya bata wa rangi inategemea unachoweza kuonyesha. Mpe mnunuzi picha za wazazi na nakala ya ukurasa wa daftari. Ukimuuza wa kijivu, mweleze kwamba akiwapandisha wenyewe kwa wenyewe atapata weusi na wa majivu humo humo. Ukimuuza dume mweusi aliyebeba kahawia, mwandikie kabisa, na usishangae akilipa zaidi ya aliyemnunua ndugu yake asiye na maelezo. Majike wako bora watatu usiwauze hata ukipandishiwa dau, mpaka binti zao waanze kutaga.